Mudogo Wangu Alikataa Waya

Radiatere ikitoboka kuna njia mbili za kuiziba. Nitaanzia hapo, kwa sababu hata yaliyompata mudogo wangu yalianzia hapo.

Njia ya kwanza unaitoa kwenye gari, unaifungua, unaisugua mpaka shaba ionekane, unalitafuta tundu, unalilehemu. Ni kazi ya moto na moshi, na mwenye gari anakaa kwenye benchi ananung'unika. Njia ya pili huitoi. Unavunja yai, kiini unakiweka pembeni, ule ute unaumwaga ndani ya maji, unawasha moteri. Maji yakichemka ute unazunguka humo, unafika kwenye tundu, unaivia pale, unaziba. Wengine wanatia manjano, wengine pilipili manga iliyosagwa. Mwenye gari hata chai hajamaliza, gari haivuji.

Hii ya pili ni ya mutu anayeuza gari kesho. Hilo kila mutu wa Buyenzi, mutaa wa magaraje huku Bujumbura, analijua. Fundi akikutwa na maganda ya mayai nyuma ya garaje, hakuna anayemuuliza kama alikula.

Mudogo wangu, anayenifuata kwa tumbo la mama, alikuwa fundi wa radiatere. Mimi ni wa breki. Garaje ilikuwa ya baba yetu, na baba kazi alijifunza kwa Mugiriki mumoja mwenye malori, mutu mukali sana, aliyekuwa anaonja mafuta ya moteri kwa ulimi kabla ya kuyatia. Baba naye akaanza kuonja, mpaka mama akawa anamuwekea kikombe chake peke yake. Lakini hiyo ni habari ingine. Mimi nikianza kusema habari zinanivuta huku na huku, na shule sikuenda nayo mbali. Chuo cha Kurani nilimaliza, ile ya Kifaransa nilitoka kabla haijaanza kunipenda. Ninaandika kama ninavyosema.

Baba alituachia namna moja ya kumujua fundi. Alisema mupelekee kazi ngumu umuangalie. Akikuambia hii ndogo, niachie, basi chukua gari yako uondoke. Akiinama, akaangalia, akakuna kichwa, akasema mimi hii naiogopa, afadhali uipeleke kwa fulani, huyo ndiye wa kumubembeleza mpaka akubali. Sisi wawili tumeishi kwa hilo neno. Vijana wote waliopita kwetu tuliwapima hivyo. Sikujua kama siku moja litatufuata mpaka hospitali.

Mudogo wangu alikuwa na dharau na mayai, sana. Kuna mutu wa teksi alikuja siku moja, amevaa vizuri, akasema yeye hana muda, tumutilie yai tu. Mudogo wangu akamuonyesha njia kwa kidole: "Nenda soko, kule wanakaanga, na chumvi wanatia." Teksi haikurudi kwetu tena. Nikamuambia umetunyima kazi. Akasema kazi gani, mukubwa, ile ilikuwa kazi ya kumudanganya mutu mwingine ambaye hatujamuona bado.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua kali, na esanse, yaani petroli, ilikuwa imekosekana tena mujini, magari yamelala kwenye foleni, garaje kimya. Radiatere ilikuwa moja tu. Alikuwa ameizamisha kwenye pipa letu lililokatwa katikati, anapuliza hewa, anaangalia mapovu yanatokea wapi. Alipenda ile kazi ya mapovu. Alikuwa anainama na uso karibu na maji kama mutu anayesikiliza siri. Akasimama wima kwa ghafla, mukono kwenye kisogo, akageuka nyuma.

"Nani amenipiga?"

Tukacheka. Hakukuwa na mutu nyuma yake, ni ukuta. Fundi wa spiringi, tunayegawana naye garaje, akamuambia ni mukeo, amekutupia toka Kanyosha, ulisahau kuacha pesa ya mboga. Naye alitaka kucheka, nilimuona mudomo unajaribu. Kisha akakaa chini, kwenye maji yaliyomwagika, akatapika.

Tulimupeleka kwake Kanyosha kwa gari ya jirani aliyekuwa na esanse kidogo. Sasa kwetu sisi kichwa kikiuma na mutu akitapika, ni malaria. Hatuulizi. Alinunuliwa dawa za malaria, akazimeza, shemeji, mukewe, akafunga madirisha kwa sababu alikuwa anasema mwangaza unamuchoma. Watu wakaja kumuangalia, wakamusomea dua, wakanywa chai, wakasema malaria ya mwaka huu ni mbaya. Na mimi nilisema hivyo hivyo.

Aliyesema apana ni shemeji. Alimuona akisali. Kusujudu hakuweza, hiyo mugonjwa anasamehewa, lakini hata kidevu kukishusha kifuani kilikataa, shingo ilikuwa imekauka kama ya mbao. Shemeji akanipigia simu akasema, shemeji, mi nimelea watoto na malaria zao zote, malaria haikazi shingo hivi. Njoo.

Tukamupeleka upande wa Mutanga Sud, kuna kliniki kule wana mashine ya kupiga picha ya kichwa. Daktari alikuwa kijana, na picha alizungumza nayo Kifaransa, na muuguzi Kirundi, na sisi Kiswahili, na katika Kiswahili chake alikuwa anatafuta maneno taratibu asituumize. Akasema kuna damu imemwagika kuzunguka ubongo. Mushipa mumoja, chini huko ndani, ulikuwa na mahali palipochoka, pakavimba kama mpira wa ndani unaotokeza kwenye tairi iliyopasuka, na ule uvimbe ndio umetoboka. Nikamuuliza kama ametoboka mbona anazungumza. Akasema damu imeganda juu ya tundu, ganda ndilo linaloshika kwa sasa. "Likitoka, muzee, mara ya pili huwa haitanii."

Yeye vyombo vya kuziba hakuwa navyo. Akasema tumupeleke Dar es Salaam, na haraka. Pesa ya safari ilitoka kwa watu, wa musikiti na wa garaje, na sitaizungumza, Mungu anawajua. Mimi ndiye nilikwenda naye, shemeji akabaki na watoto.

Kwenye ndege walimulaza, wakamukataza kukohoa kwa nguvu, kubeba kitu, hata kujikaza chooni. Akaniambia kwa sauti ndogo, macho amefunga: "Mukubwa, maisha yangu yote nimesukuma magari, leo nakatazwa kusukuma mavi." Nilicheka mpaka muhudumu akatuangalia. Ninakumbuka ule ucheko kwa sababu baada ya hapo hatukucheka pamoja tena, sisi wawili, kwa kitu alichosema yeye.

Dar wana Kiswahili kingine. Mwanamuke wa kufagia alitusikia, akatuuliza kama sisi ni Wakongo, tukasema apana, wa Buja, akasema basi ni wale wale. Radiatere wao wanaita rejeta. Mudogo wangu alilifurahia hilo neno, alilirudia rudia, rejeta, rejeta, kama mutoto aliyepewa pipi. Kichwa kilikuwa kinamuuma lakini akili ilikuwa yake yote. Hilo nataka lijulikane. Aliyoyaamua aliyaamua akiwa mwenyewe.

Wakaja madaktari wawili pamoja, wakavuta viti. Mumoja alikuwa mutu muzima, miwani inamuteremka puani, huyu ni wa kufungua. Mwingine alikuwa dada kijana mwenye sauti ya pole, huyu ni wa waya. Wakasema tundu linaweza kuzibwa kwa njia mbili, na watatueleza zote, kwa sababu kichwa ni cha mugonjwa.

Yule mutu muzima akasema njia yake ni kukata mufupa wa kichwa, kuingia katikati ya mikunjo ya ubongo bila kuukata, kufika kwenye ule uvimbe na kuubana pale unapoota kwenye mushipa kwa kibanio kidogo cha chuma, mufano wa kibanio cha nguo. Kikishakaa, kimekaa. Ni mara chache sana mahali hapo panavuja tena. Lakini kufika huko ndiyo shida. Ubongo haupendi kuguswa, na ubongo uliokwisha kumwagikiwa damu haupendi zaidi.

Yule dada akasema yeye hafungui kitu. Anatoboa kwenye kinena, kwenye mushipa mukubwa wa paja, anapitisha mupira mwembamba ndani ya mushipa mpaka kichwani, anauangalia kwenye televisheni. Akifika kwenye uvimbe anaingiza waya laini wa madini, unajikunjakunja humo ndani kama uzi unaosukumwa ndani ya puto, mpaka umejaa. Damu haiingii tena kwa nguvu, inaganda katikati ya waya, tundu limezibwa. Akasema ukweli kwamba wakati mwingine ile waya inajibana kwa miaka, nafasi inafunguka, mutu anarudi kuangaliwa na labda kujazwa tena. Kwa upande wa kudumu, kibanio kinamushinda. Lakini wagonjwa wengi wamefuatiliwa, wa huku na wa huku, wale ambao njia zote mbili ziliwafaa, na ukiwaangalia mwaka mumoja baadaye, wa waya ndio wengi zaidi walio hai na wanaojilisha kwa mukono wao.

"Ngoja, dada," mudogo wangu akasema. "Iyo waya munailehemu na mushipa?"

"Hapana, kaka. Inakaa tu. Inashikwa na damu iliyoganda."

"Damu ndiyo inaziba."

"Ndiyo, damu ndiyo inaziba."

Akageuza macho akaniangalia. Mimi nilikuwa nimekwisha jua, tangu yule dada aliposema damu inaganda katikati ya waya. Miaka yote ile mbele ya pipa, unafikiri nisingejua?

"Ni yai," akaniambia.

Wale madaktari hawakuelewa, nikawaeleza. Yule mutu muzima alicheka, akasema mufano ni muzuri lakini una mupaka wake, rejeta haina uhai, mushipa una uhai, baada ya muda unajijengea ngozi mupya juu ya ile waya. Dada akakubali kwa kichwa. Mudogo wangu alisikiliza kwa adabu yote. Kisha akamugeukia yule wa kufungua, akamuuliza kitu ambacho sisi kwetu tunamuuliza kila fundi.

"Dokta, kama ingekuwa gari yako?"

Yule daktari alivua miwani, akaifuta na koti. Akasema:

"Kingekuwa kichwa changu, na kivimbe kikae kilipokaa chako, huko nyuma chini, ningemwachia mwenzangu huyu. Mimi nafika huko, lakini napaogopa."

Nikamuona mudogo wangu uso umefunguka. Nilielewa saa ile ile. Wao walifikiri jibu limemusaidia kuchagua waya. Mutu mwingine yeyote, wa Dar, wa Ulaya, wa wapi, angesikia daktari wa kisu mwenyewe anasema usinipe mimi, angechukua waya akashukuru. Sisi tulilelewa na baba yule. Fundi aliyesema naogopa ndiye tuliyefundishwa kumubembeleza.

"Basi ni we utanifungua," akamuambia. "Dada yangu asinikasirikie. Gari ya kuuza tunaziba kwa ndani. Mi siuzwi, mi nataka kubaki nayo."

Walijaribu. Yule dada alirudi peke yake mchana, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akachora kwenye karatasi, akaeleza tena kwa upole ule ule. Mudogo wangu alimuita binti yangu, akamushukuru, akamuuliza kama ameolewa. Nikamupigia shemeji, nikamuwekea simu sikioni. Shemeji alilia, akasema chukua ile ya paja, baba watoto, ile isiyofungua. Akamujibu kwamba yeye hamufundishi kupika ugali.

Na mimi nilisema. Nilimuambia kichwa si radiatere, mudogo. Akaniambia na mushipa si bomba? Nikamuambia daktari mwenyewe amekataa. Akaniambia, hakukataa, aliogopa, we umesahau baba? Kuna wakati mutu anakutolea marehemu baba yako na huna pa kumujibia. Nikamukanda miguu. Miguu yake ilikuwa na alama za moto wa lehemu, nukta nukta, toka enzi za ujana wetu, tulipokuwa tunafanya kazi na kandambili.

Waliomufungua walifanya kazi yao, hilo nitalisema mbele ya mutu yeyote. Nilikaa kwenye korido na mutu wa Tanga, dereva wa basi kubwa, ambaye mukewe alikuwa na tundu kama la mudogo wangu, naye alikuwa ndani kwa yule dada wa waya. Tuligawana mukate. Mukewe akatoka kabla. Kesho yake asubuhi nilimuona yule mama anakwenda chooni mwenyewe, polepole, mukono mumoja kwenye ukuta, mwingine kwenye kinena palipotobolewa, anamulalamikia mume chai haina sukari. Sijui leo yuko wapi. Labda waya imejibana, labda amerudi kujazwa, labda amekufa, mi sijui. Mimi nilimuona akilalamikia sukari.

Mudogo wangu aliamka. Mwanzo aliamka vizuri, alinikamata kidole. Kisha katika zile siku zilizofuata akaanza kuteremka, kama betri. Mukono wa kulia ukawa muzito, kisha muguu, kisha maneno. Daktari alikuja akakaa na mimi kwenye benchi ya korido, hakusimama juu yangu kama wengine. Akasema kibanio kimekaa vizuri kabisa, wamepiga picha, haivuji hata tone. Lakini mishipa mingine ya ubongo imejikaza, imebana njia, sehemu imekosa damu ikafa. Nikamuuliza ni kwa sababu mulimufungua? Akasema huenda. Akasema tena huenda ni ile damu ya mwanzo, iliyomwagika kule kwenu, hiyo hukaza mishipa hata kwa mutu ambaye hajaguswa, hata wa waya inawapata.

"Kwa hiyo angechukua waya angepona?"

"Mzee, sijui. Nafasi yake ingekuwa nzuri zaidi. Zaidi ya hapo nikikwambia nitakuwa nakudanganya."

Hilo ndilo jibu nililorudi nalo Bujumbura. Nimelizungusha kichwani kila namna. Angesema ndiyo, ningepata wa kumukasirikia, hata kama ni maiti ya baba. Angesema apana, ningelala. Huenda haina pa kushikia. Shemeji naye aliniuliza hilo hilo uwanja wa ndege, kabla hata ya kumusalimia mumewe kwenye kiti cha magurudumu. Nikamuambia huenda. Akaniangalia kama mutu aliyeuziwa kitu kibovu.

Mudogo wangu anaishi. Watu wanaposema Alhamdulillahi anaishi, ninaitikia. Shemeji anamuogesha, anamulisha, anamufunga kikoi, na alikuwa mwanamuke wa kucheka huyu, wa harusi, wa kupiga ngoma, sasa mikono yake inanuka dawa ya sakafu na haendi popote. Mudogo wangu anafahamu yote unayosema, macho yanakufuata, lakini kinywani lilibaki neno moja, apana. Akitaka maji ni apana, akimuona mutoto wake ametoka shule ni apana, akiniona mimi asubuhi ni apana, kwa sauti ya furaha. Akigundua si neno alilotaka, analia. Walituambia mazoezi yatamurudishia mengine. Tumefanya mazoezi. Nimemushikia shaba mbele ya uso, nikasema sha-ba, sha-ba, kama mupumbavu, wakati yeye ndiye aliyenifunza mimi kuitambua ile nzuri na mbaya.

Tunamuleta garaje kila gari ya jirani inapopata esanse. Anakaa kwenye kiti cha basi tulichokiweka chini ya bati, karibu na pipa. Wateja wa zamani wanamusalimia wanapita haraka. Kazi ya radiatere imekufa. Kijana tuliyemupa aliondoka kwenda kufungua yake Gasenyi, na simulaumu, hakuna aliyekuwa wa kumufunza tena. Nami jioni simuombei tena kupona. Nilikuwa ninaomba. Siku hizi nikiinua mikono ninabaki nimeinyanyua tu, sijui niseme nini, ninajipangusa uso ninashusha.

Juzi alikuja muzee wa teksi, Toyota nyeupe ya zamani, breki zinalia. Ni kazi yangu. Nikainua gari, nikatoa magurudumu, muzee akakaa kwenye benchi akawa anazungumza, maana watu wa teksi wakikosa esanse wanabaki na maneno. Akasema hii gari, fundi, nilinunua kwa tapeli. Aliiziba radiatere kwa yai, mi nikagundua nimekwisha lipa. Nilimulaani yule mutu na kizazi chake. Nikasema mwezi huu nitaifungua, mwezi ule nitaifungua. "Basi mpaka leo sijaifungua, na haijavuja. Watoto wangu wamemaliza shule na ile yai."

Akacheka. Mimi nilikuwa chini ya gari, sikucheka. Niliona kandambili za mudogo wangu, ule muguu wa kushoto umesogea.

Nikatoka. Alikuwa amejiinua nusu, ameshika pipa kwa mukono mumoja, anaiangalia ile Toyota. Akanionyesha boneti. Nikamuambia achana nayo. Akanionyesha tena, na uso ule wa zamani, wa bosi. Nikafungua boneti, moteri ilikuwa imepoa, nikamuleta nikimushika kiunoni. Kifuniko cha radiatere kilimushinda kwa mukono wa kushoto, nikakifungua mimi. Akaingiza kidole, akakizungusha, akakitoa na ule utelezi wa rangi ya kutu, akaunusa. Muzee wa teksi aliinuka kwenye benchi, nafikiri aliona kwamba hapa kuna kitu, hajui ni kitu gani.

Mudogo wangu hakusema hata lile neno lake. Alifuta kidole kwenye shati langu, kama alivyokuwa anafanya tukiwa watoto kunichokoza, lakini hakuwa ananichokoza. Nikamurudisha kwenye kiti.

Nilimaliza breki, muzee akashukuru, akaondoka na gari yake. Nikarudi kuokota funguo zangu, na hapo ndipo nikaona anachoangalia. Ile Toyota ilikuwa imesimama pale toka asubuhi, na chini yake, pale radiatere ilipokuwa, ardhi ilikuwa kavu. Vumbi jeupe. Alikuwa anaangalia lile vumbi na machozi yanateremka upande mumoja, ule unaofanya kazi.

Nikachota ndoo kwenye pipa. Nikaenda pale nikamwaga maji kidogo, hapo hapo, kama yaliyodondoka. Kisha nikasema kwa sauti, kama ninazungumza na fundi wa spiringi, unaona, ile radiatere ya yai, si nilisema inavuja tu.

Aliyaangalia yale maji mpaka vumbi lilipoyanywa. Kisha akaniangalia mimi na ndoo yangu mukononi. Akili yake ni ile ile, hilo nilisema tangu mwanzo.

Nikaweka ndoo chini, nikakaa karibu naye, tukangoja gari ya kumurudisha Kanyosha.